Msimu wa Nane kwa Lusajo

Flashi ilifika Jumatano na gari la parachichi,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto isishike unyevu.
Sehemu kumi na sita. Kiingilio mia tatu,
ukija na kigoda chako, mia mbili.
Mvua ya Tukuyu ilikuwa imeanza tangu Pasaka
na haikuwa na mpango wa kumaliza.

Mimi hukaa karibu na mlango, nashona vifungo
kwa mwanga wa kioo. Nikiinamia sindano
nasikia zaidi ya ninavyoona.

Gwamaka wa buchani hakuridhika tangu mwanzo:
"Panga halishikwi hivyo. Na mfupa wa shingo
ungekatika kwa pigo moja, mimi ningekuwa tajiri."
Tupokigwe, nesi wa zamu ya usiku, akacheka:
ile si damu, ile ni juisi ya rozela,
damu ikikaa huwa nyeusi, ikanyamaza.

Sehemu ya tano Ipyana akasimama, viatu tope tupu:
"Jamani, misimu minane watu hawa wanakimbia,
wanauana kwa makopo ya maharage yaliyokwisha muda,
ardhi nyeusi ile, mto ule pale,
na hakuna aliyechomeka hata chipukizi moja la mgomba!
Wangekuwa Kiwira wangeshavuna mara tatu."
Tukapiga makofi. Kwa kweli tulipiga makofi.

Kisha bishano lile la kila usiku:
hawa ni misukule, au si misukule?
Mama Ngwisa akaapa kwa marehemu dada yake, si misukule.
Msukule analima. Msukule anachota maji alfajiri,
anakula pumba, analala darini, hasumbui mtu.
"Hawa wa kwenye kioo hata kufa wanafia hasara."

Alipouawa yule mzee wa koti la sufu,
aliyebeba redio mbovu tangu msimu wa kwanza,
wanaume wazima walitoka nje kukojoa, wakakawia.
Kifo chenyewe tulikitegemea.
Kilichotuuma, walimwacha barabarani.
Hakuna matanga, hakuna ng'ombe,
hakuna hata jani la mgomba la kumfunika uso.
"Msimu umeharibika," Gwamaka akasema,
na siku mbili hatukumwona.
Siku ya tatu alirudi, na kigoda.

Sehemu ya kumi na nne. Usiku. Mlango wa mbao.
Mwanamke ndani. Nje mumewe,
wiki tatu tangu afe, anakwaruza taratibu
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Banda zima: "Usifungue! We mama, usifungue!"
Watoto wamepanda juu ya mabenchi,
Lusajo mwenyewe, aliyekwishaiona mara mbili, anapiga kelele.

"Mimi ningefungua."

Ni Anyisile. Hakupaza sauti.
Mume wake alishuka shimoni Chunya, Februari ya mwaka juzi,
kifusi kikashuka nyuma yake.
Alicholetewa ni simu na ndala ya kushoto.
Tulizika shati.

"Ningefungua," akarudia, anakunja ncha ya khanga,
"nimuulize kama amekula."

Hata Ipyana hakupata neno.
Mama Ngwisa alijikohoza, akaacha.
Lusajo akasimamisha picha, sijui kwa nini,
na ule mkono wa mwanamke ukabaki pale, juu ya komeo,
mvua inapiga bati,
na sisi watu arobaini tunatazama mlango mmoja
uliotengenezwa na maseremala tusiowajua.

Ndipo umeme ukakatika, kama kawaida yake.

Gizani mtoto aliuliza kama msimu wa tisa umeshatoka.
Mtu akamwambia anyamaze.
Nje kulikuwa na kitu kinakwaruza,
mbuzi, au tawi la mparachichi, au upepo wa Rungwe,
na vigoda vyote vikatulia,
kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie.

Nilishasema: mimi hukaa karibu na mlango.