Ziara ya Dakika Tisini

Basi lao limepata pancha Chalinze,
kwa hiyo nimebakiwa na dakika tisini
badala ya saa nne.
Watoto arobaini na mmoja kutoka Iramba,
mwalimu wao ana filimbi na orodha.

Naanzia Ngome Kongwe, kama kawaida.
Nasema: ukuta huu ni matumbawe na chokaa.
Nasema: humu walifungiwa watu.
Mmoja anauliza choo kiko wapi.
Boma tunalipita mbio; ghorofa yake
naiahidi kwa safari ijayo.

Maelezo yangu nayajua kama sala,
miaka kumi na tisa,
hata pa kukohoa napajua.
Lakini leo macho yao yanapita juu ya bega langu.
Nageuka. Kumbe bahari,
imejitokeza kwenye upenyo wa nyumba ya forodha.

"Mwalimu, mwisho wake uko wapi?"
Filimbi inalia. Nani aisikie?
Viatu vimebaki mchangani,
vingine mguu mmoja mmoja.

Msengi, mfupi kuliko wote,
anachota kiganjani, anaonja, anatema.
"Mbona hata ziwa la Singida lina chumvi?
Hili limezidi tu."
Anajaza chupa ya soda mpaka shingoni
ampelekee bibi yake, asiyeamini.

Na mimi bado sijafika kwa wapagazi,
waliotoka huko huko kwao
na pembe mabegani, miezi mitatu kwa miguu.
Namtazama akikaza kizibo kwa meno.
Namwambia: shika vizuri, mwanangu,
njia ni ndefu.