Taa Mbili Nyekundu

Saa nane usiku, bandari kavu ya Embakasi.
Kati ya lori na lori nafungua daftari:
ukimwona mwenzio upande wako wa kulia,
wewe ndiwe wa kupisha.
Ochola anapiga honi. "Mutheu, mizani!"
Naandika tani ishirini na sita
pembeni mwa kanuni ya kumi na tano.

Mtihani Alhamisi. Zamu yangu Jumatano, hadi kuche.
Kiprono kanishikia, kwa malipo ya Jumapili zangu mbili.

Taa mbili nyekundu, moja juu ya nyingine:
chombo kisichojimudu.
Napiga miayo.

Kontena hili limevuka bahari tatu,
mimi sijavuka Mtito Andei.
Napapasa bawaba, naonja kidole.
Chumvi.