Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa mbili asubuhi, Kemi,
nje bado giza, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
nasi ishirini na mmoja, kila mtu na faili lake,
kila mtu na jibu lake, limeshapigwa pasi nyumbani.

Ajenda: mashine ipi ya karatasi izimwe,
ya tatu au ya tano.
Mimi ni mwandishi. Nilichonga penseli nne.

Tuulikki Rautiainen akaipindua ajenda miguu juu.
"Tuanze na Mengineyo," alisema.
"Najua ndimo mnamoficha visu.
Saa kumi, sote tumechoka, mtavichomoa,
nami sitakuwa na nguvu za kushika makali.
Vitoeni sasa, kahawa ingali moto."

Kimya.
Kimya cha kule kina unene, hukatwa kwa msumeno.
Mwenyekiti mwingine angekijaza maneno.
Yeye alihesabu, niliiona midomo, hadi arobaini.

Ndipo Eevertti wa boila, asiyewahi kusema kikaoni:
"Ya tano ina ufa. Tangu Agosti.
Tuliambiwa tusiandike."

Penseli yangu ilikwama hewani.
"Andika," Tuulikki akaniambia.

Baada ya hapo zilikuwa saa nyingi, sitadanganya:
mikopo, bei ya umeme, magogo,
Raimo wa fedha na hoja ileile mara ya sita,
mpaka akamwambia, "Nitaisema mimi, wewe unisahihishe,"
akaisema, vizuri kuliko mwenyewe,
na Raimo akakaa kama mtu aliyelipwa deni.

Kila dakika hamsini alifungua dirisha, bila kuuliza.
Baridi iliingia kama mkaguzi,
ikatupitia kola moja moja.

Alikosea pia. Saa saba alimkatiza Sirkka,
na Sirkka hakufungua kinywa tena.
Pengo hilo nimeliacha katika kumbukumbu,
mstari mtupu.

Saa tisa jua lilikuwa limeshazama.
Ikaamuliwa: ya tano.
Nikaanza kukusanya karatasi.
"Bado. Nani atawaambia watu wa zamu ya usiku?
Nataka jina. Si kamati."

Hakuna aliyeinua mkono. Akahesabu tena.
Kisha akaandika ubaoni jina lake mwenyewe,
na chini yake, kwa herufi ndogo,
Sirkka akaandika lake.

Kikao kilifungwa saa tisa na dakika arobaini.
Yatokanayo yalikuwa mlangoni, yanavaa viatu vya theluji.