Vidonge Vitatu Vilivyobaki

Usiku wa tatu muwasho ukanyamaza.
Hivyo tu, kama mbwa wa jirani
aliyebweka wiki nzima, kisha akapata mfupa.
Nililala chali, koroboi imezimwa,
ziwa la Katwe likijikausha gizani,
chumvi ikiganda juu ya chumvi,
na mwili wangu, mara ya kwanza tangu mwezi uandame,
hauniombi kitu.

Chini ya mto, ndani ya pakiti, vidonge vitatu
vyeupe, vimechongoka kama mbegu za boga.

Alfajiri Mbambu akaja na ndoo tupu.
"Biira, nasikia umepona.
Nigawie hivyo vilivyobaki, nami nawashwa.
Si tunasimama maji yale yale?"

Kweli tunasimama.
Magadi hadi kiunoni, jua utosini,
tunakokota mabonge ya chumvi
ambayo lori litayapeleka kwenye vyungu vya watu
wasiojua imetoka katikati ya miguu ya nani.
Nilidhani ni ziwa linaniuma.
Nikajiosha ndani kwa sabuni ya kufulia,
nikajikamulia limau,
nikaweka kitunguu saumu cha shangazi,
kikaniunguza hadi nikauma pindo la leso.
Bwana wa duka akanipimia tembe mbili zisizo na jina
bila kuondoa jicho kwenye mpira.

Muuguzi Kabugho ndiye aliyeuliza
yale ambayo mume wangu hajawahi kuuliza.
Siku zako lini? Una mimba?
Ute ukoje, mzito kama maziwa ya mgando? Unanuka?
Homa je? Chini ya kitovu panauma?
Akachukua kipimo kwa pamba kwenye kijiti, akaenda, akarudi.
"Fangasi," akasema, kama mtu asemavyo "mvua".
Si uzinzi. Si laana ya ziwa.

"Hiki hakimezwi, usije ukanichekesha
kama yule aliyekinywa na chai.
Osha mikono. Lala. Kiingize ndani kabisa, usiku.
Usiku sita, Biira, hata ukipona wa tatu.
Mafuta yake hulegeza mpira wa kondomu,
mwambie bwana asubiri.
Na usijioshe ndani tena,
uke hujiosha wenyewe, kama jicho.
Ikirudi na kurudi, usikimbilie dukani,
njoo tupime sukari, tupime damu."

Sasa Mbambu yuko mlangoni.
Nimewahi kumpa unga, nimempa mkopo,
nilimpa bega siku ya kumzika mamake.
Nikasema hapana.
Neno chungu kuliko magadi.
"Chumvi imekuingia moyoni," akasema,
akageuka, ndoo ikigonga goti lake.

Nikavaa kandambili, nikamfuata.
Tulipanda mlima mzima bila neno,
yeye mbele, mimi nyuma,
kama mtu na deni lake.

Kabugho akampima. Haikuwa fangasi.
Ni ugonjwa mwingine, wenye dawa nyingine,
na mumewe lazima aje, naye ameze yake.
Halafu kijiti cha mkojo kikatoa mistari miwili
na Mbambu akakaa chini polepole,
kama anayeshusha mzigo au anayeupokea,
sikuweza kujua.

Vidonge vyangu vingemfanyia nini?
Ni kufunika moto kwa mkeka.

Siku mbili hakunisemesha.
Alihama hata kidimbwi, akafanya kazi upande wa pili,
mgongo wake ukinitazama.
Usiku wa nne nikaosha mikono. Usiku wa tano nikaosha mikono.
Mwili umetulia kabisa, na bado naingiza,
kama mtu anayelipa deni ambalo mdai amekwisha kulisahau.

Leo asubuhi, kati ya mabonge mawili, sauti yake ikavuka maji:

"Umebakiza ngapi?"

"Kimoja."

"Maliza."