Safu ya Tatu

Mabatini wanasema naringa.
Nawasikia. Masikio yangu mazima, ubovu uko kooni:
shikamoo hupanda mpaka kwenye meno,
ikakuta pamefungwa, ikageuka,
ikashuka kulala tumboni.

Benchi la mama Ng'washi liko chini ya jiwe kubwa
na njia ya kwenda mjini inapita mbele yake.
Kwa hiyo miaka miwili nimepanda mlima,
nikazunguka nyuma ya matangi ya maji, viatu mkononi,
mwizi wa mtaa wangu mwenyewe,
kwa sababu wanawake wanne wamekaa
wanachambua mchicha.

Muuguzi Mhoja hakunipa dawa.
Alitoa daftari la kaunta na rula,
akapiga mistari miwili, ukurasa ukawa na safu tatu.
"Hapa andika hofu inavyokuambia. Hapa, ushahidi.
Ushahidi wa mahakamani, siyo wa kijiweni."
Na hii ya tatu?
"Hiyo iache kwanza."

Niliandika: *Nikifungua mdomo watacheka,
na watanikumbuka kwa hilo mpaka nizikwe.*
Ushahidi: darasa la tano,
mama wa kwenye kitabu alijitwika mkungu wa ndizi,
nami nikasoma kwa sauti: alijitwika mkunga.
Darasa zima. Mwalimu pia, akifuta machozi.

"Hilo lilitokea," alisema Mhoja. "Lina miaka kumi na tisa.
Nitajie watano waliocheka."
Nikawataja wawili.
Wa pili sikuwa na hakika naye.

Kazi ya nyumbani: soko la Mlango Mmoja.
Uliza bei ya dagaa mara mbili, usinunue, ondoka.
Nilitabiri soko zima kugeuka. Tisini kwa mia, niliandika,
kisha nikafuta nikaweka tisini na tano.
Moyo ulipiga kama injini ya boti inayogoma kuwaka.
Muuzaji alikuwa akibishana na simu, habari ya ada ya mtoto.
Akataja bei. Nikauliza tena. Akataja ileile.
"Haya, asante," nikasema,
na sauti ikachanika katikati kama gazeti la kufungia maandazi.
Akapunga mkono.
Nilisimama hapo muda mzima nikijua ananifukuza mimi
kabla sijamwona inzi.

Wiki ya sita ndipo tukafika safu ya tatu.
"Mdogo wako angekuletea ukurasa huu, ungemjibu nini?"
Nyamizi? Ningemwambia pole.
Ningemwambia, umechoka, siyo mjinga.
"Andika hivyohivyo. Badilisha jina tu."

Feni ya pale haizunguki. Jasho lilidondoka kwenye karatasi.
Kazi ya dagaa ilinichukua dakika tatu,
hii ilinila nusu saa,
maana mkono wangu haukuwahi kuniandikia barua njema.

*Limi, pole. Umechoka, siyo mjinga.
Tetemeka, lakini nenda.*

Ile sauti haijahama, nisije nikakudanganya.
Bado imepanga kwangu, chumba cha uani,
na usiku mwingine inagonga ukuta: *umeona walivyokutazama?*
Siku hizi naamka, nawasha taa,
naidai kodi.

Jumatatu hii ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu,
kivuko cha Kamanga kilipiga honi bila kuonekana.
Nilivaa viatu. Nikashika njia ya chini.
Wanne, na mchicha wao, na mashavu yangu yakiungua.
"Shikamooni."
Ilitoka ndogo, imepinda kidogo.

Watatu wakaitikia. Wa nne hakunyanyua kichwa,
na zamani huyo wa nne ningemchukua,
nikaenda naye nyumbani, nikakaa naye wiki nzima.

"Limi!" mama Ng'washi akaniita nikishafika konani.
"Kwani ulikuwa umesafiri?"

Nikasema ndiyo.
Kisha nikarudi hatua mbili:
"Hapana, mama. Nilikuwepo."