Kamba ya Kiatu

Aliniuliza kwanza: sifuri hadi kumi,
sifuri ni utulivu, kumi ni maumivu yasiyobebeka,
wewe uko wapi?
Mimi mpagazi. Mzigo naujua kwa kilo.
Nikamwambia, Dada Ndeshi, ule mzani wa getini
unaishia ishirini,
na huu wangu sijui aliupitisha nani.

Hakucheka. Akasogeza kiti,
goti lake karibu na langu lakini halikugusa,
akainua vidole viwili,
kimoja kina doa la wino wa bluu,
akasema: lishike lile jiwe akilini,
kichwa kitulie, macho tu yafuate.

Kushoto. Kulia. Kushoto.

Nilijiona mjinga.
Nimetoka Kiboriloni kwa miguu,
nimeacha kibarua cha kupakia matofali,
nije kutazama vidole vya mtu
kama mtoto anayebembelezwa anywe uji.
Dawa iko wapi? Sindano iko wapi?
Chini ya dirisha, Barabara ya Rengua,
muuza ndizi aligombana na mteja juu ya chenji.

Kulia. Kushoto.

Kisha ukuta ukaondoka.
Ile alfajiri ikaja yenyewe:
mtungi wa gesi kichwani, mikono ganzi,
Anaeli nyuma yangu.
Kamba ya kiatu ikafunguka.
Nikasema, pita, mangi, nitakukuta.
Akapita.
Huko juu kitu kikasema pa, mara moja tu,
kama parachichi juu ya bati.

Hicho ndicho nilichoshindwa kumweleza mke wangu
miaka miwili, kila msimu wa maparachichi:
kwa nini nalala chini ya meza,
kwa nini usiku ule nilikwenda kwa jirani
kuazima shoka, niuangushe mti wa baba yake.

Vuta pumzi, akasema. Unaona nini sasa?
Kiatu.
Endelea na hicho.
Kushoto, kulia, macho yakakimbia
kama ya mtu anayesoma barua
aliyokaa nayo mfukoni bila kuifungua,
mstari, mstari, mstari,
hadi chini kabisa, kwenye jina la aliyeandika.
Nililia kwa sauti niliyodhani ni ya mbuzi huko nje.
Vidole havikuharakisha.
Baadaye mkono wake ukatetemeka, naye amechoka,
akabadilisha mkono.

Siku ile sikupona, asikudanganye mtu.
Usiku niliota mara tatu.
Wiki ya pili niliishia kwenye mnara wa saa,
nikanywa chai, nikarudi nyumbani na uongo.
Ya tano, au ya sita, jiwe likaanza kuwa na upande wa pili:
nyuma yake palikuwa na anga,
palikuwa na Anaeli akiimba pambio la kwaya,
akiliharibu makusudi ili nicheke.
Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwa akiimba.
Nilikuwa nimesahau kwamba nilicheka.

Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, nikasema.
Sentensi nzima. Ikaishia hapo.

Na sasa, sifuri hadi kumi?
Tatu.
Akaandika.
Mvua ikinyesha, nne.

Juzi, saa nane usiku: pa.
Moyo ukaruka, macho yakaenda gizani,
kushoto, kulia, yakatafuta.
Kabati. Pazia. Bega la Kandida.
Mlima haukuwemo chumbani.
Nikavaa kandambili, nikawasha tochi ya simu,
nikalikuta karibu na banda la kuku
limepondeka upande mmoja.
Ule mwingine tuliula kwa chumvi, tumesimama jikoni,
na yeye akaniuliza, polepole,
alikuwa anaimba wimbo gani?