Jumlisha au Toa

Karani wa vitambulisho alimuuliza mama tarehe.
Mama akajibu: mwaka wa nzige,
mkonge wa bondeni ukiwa umekatwa mara moja tu.
Karani akashusha pumzi, akaandika mosi Julai
na mwaka alioupenda yeye.

Wiki ileile nilikuwa Kiomoni, ndani ya pango,
nimemshikia taa Bwana Shemndolwa,
mpimaji wa miamba, mtu wa pumu,
msumeno wake ameutia kwenye mfuko wa unga.
Harufu ya popo ilitukwangua macho.
Nikauliza: hili pango lina miaka mingapi?

Swali baya, akasema.
Mwamba una umri. Angalia hili kombe,
lilikufa bahari ikiwa juu ya utosi wako.
Lakini pango ni pale ambapo mwamba haupo.
Utampimaje asiyekuwepo?

Akakalia ndoo, akaeleza kwa mikono.
Mvua haiji mikono mitupu:
angani huokota ukaa,
udongoni mizizi na majani yaliyooza huiongezea,
ikilifikia jiwe imechachuka kidogo.
Ulimi hausikii. Jiwe linasikia.
Ufa mwembamba kama uzi
ukawa mlango, mlango ukawa ukumbi,
kisha maji yakashuka kuufuata Mkulumuzi
wakabaki popo.

Mama akipima mafuta dukani husema
chururu si ndo! ndo! ndo!
Miaka yote nilidhani ni ubahili.
Kumbe chururu ndiyo iliyochimba hapa, ikaenda zake,
na ndo ndo ndo imekuja nyuma yake kulipa deni:
tone linaning'inia darini,
linapumua ukaa wake,
linaacha chokaa isiyojaza hata ukucha wa sisimizi,
linaanguka.

Sakafuni kilisimama kidole cha jiwe
kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.
Shemndolwa alikinong'oneza jambo, akakikata.
Ndani, pete juu ya pete, kitunguu cheupe.
Urani huyeyuka majini, akasema, thori haiyeyuki.
Kwa hiyo tone huingia na urani peke yake,
na urani, ikikaa, hugeuka thori, polepole, bila kuruka siku.
Hesabu waliogeuka. Hesabu waliobaki.

Kipande kilifungwa kwa gazeti, kikapanda ndege;
mashine hiyo kwetu haipo.
Mwezi wa saba jibu likaja kwenye simu:
pete ya chini kabisa, miaka elfu kumi na moja na mia nne,
jumlisha au toa mia mbili.
Pango lilikuwepo tayari, likingoja tone.
Tangu lini, jibu halikusema.

Nikarudi nyumbani na kisu cha kumenyea muhogo.
Mama alichoma chokaa tanurini hadi kifua kikakataa,
na kila Idi hupaka nyumba:
chokaa mbichi huvuta ukaa hewani
ikarudi kuwa jiwe pale ukutani.
Nyuma ya mlango nilikwangua, nikahesabu kwa lenzi ya kuazima.
Matabaka hamsini na mawili.
Mama, uliolewa ukiwa umefunga Ramadhani ngapi?
Tano kamili, na moja ya kuibia.
Nikapiga hesabu mgongoni mwa risiti:
sitini na tisa, jumlisha au toa mbili.

Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akauweka mkono palepale nilipokwangua,
kama anayepima homa.
Na mwaka ule wa eda ya baba yako, akasema,
sikupaka. Umeuhesabu?

Nikatazama tena kwa lenzi.
Tabaka moja limelala juu ya jingine,
hakuna hata mstari.